Taharuki na Hatia: Nafasi ya Msomaji katika Riwaya za Daphne du Maurier

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya, taharuki imezoea kuhesabiwa miongoni mwa vipengele vyepesi vya fani. Hutajwa kwa aya moja au mbili, baada ya wahusika na kabla ya lugha, na kuelezwa kwamba mwandishi amefaulu kumfanya msomaji atake kujua litakalotokea. Baada ya hapo mhakiki huingilia dhamira, kana kwamba hamu hiyo ya kujua haihusiani kwa vyovyote na dhamira yenyewe. Mazoea haya yamechangia pakubwa kuifanya fasihi pendwa isisomwe kwa makini katika vyuo vikuu. Ikiwa taharuki ni chambo tu, basi riwaya inayoitegemea haiwezi kuwa zaidi ya ndoana.

Makala haya yanakusudia kuihoji rai hiyo kwa kuzingatia maisha na kazi za Daphne du Maurier (1907-1989), mtunzi Mwingereza wa riwaya za taharuki zenye sura ya kigothiki. Riwaya yake ya Rebecca (1938) imeendelea kusomwa tangu ilipotoka, na kwa muda mrefu iliuzwa na kuhakikiwa kama hadithi ya mapenzi iliyokusudiwa kuwaburudisha wanawake. Dai linalotetewa hapa ni kwamba katika kazi bora za du Maurier taharuki ndiyo inayobeba uzito wa kimaadili. Humwongoza msomaji hatua kwa hatua hadi atamani mkosaji aponyoke, kisha humwacha na tamaa hiyo bila kumtakasa. Mhakiki anayeipita taharuki hii haraka ili aifikie dhamira huiacha dhamira nyuma yake. Uchambuzi utajikita katika Rebecca na My Cousin Rachel (1951), na kazi nyingine zitarejelewa pale zinapoifafanua hoja.

Maisha ya Mwandishi: Mpangaji katika Jumba la Wengine

Daphne du Maurier alizaliwa London tarehe 13 Mei 1907, akiwa wa pili kati ya mabinti watatu wa Gerald du Maurier, mwigizaji na msimamizi wa tamthilia aliyevuma sana zama zake, na Muriel Beaumont, ambaye pia alikuwa mwigizaji. Babu yake, George du Maurier, alikuwa mchoraji wa vibonzo katika jarida la Punch na mtunzi wa Trilby (1894), riwaya iliyomzaa Svengali, mhusika anayeitawala akili ya mwanamke kwa kumpumbaza. Binti huyu alilelewa, basi, katika ukoo ambao kujifanya mtu mwingine kulikuwa kazi ya kuwapatia riziki.

Mnamo 1926 familia yake ilipata nyumba kando ya mto Fowey, huko Cornwall, rasi iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko alikoandika riwaya yake ya kwanza, The Loving Spirit (1931). Afisa mmoja wa jeshi, Frederick Browning, aliisoma riwaya hiyo, akavutiwa nayo, na akaja kwa mashua kuyaona mandhari yaliyosimuliwa. Wawili hao walioana mwaka 1932.

Kuandikwa kwa Rebecca kuna jambo linalostahili kuzingatiwa na msomaji wa Afrika. Mwaka 1936 kikosi alichokiongoza Browning kilipelekwa Alexandria nchini Misri, na mkewe akaandamana naye. Riwaya ilianza kuandikwa huko mwaka 1937. Du Maurier hakuupenda mji huo. Joto lilimchosha, na dhifa ambazo mke wa kamanda hakuweza kuziepuka zilimchosha zaidi. Aliutupa mwanzo wa kwanza wa kazi hiyo, akaandika upya, na kuikamilisha baada ya kurejea Uingereza. Jumba la Manderley, ambalo kwa wasomaji wengi limekuwa mfano wa Uingereza ya kale, yenye mvua, maua na utulivu, lilianza kujengwa kwa maneno katika ardhi ya Misri, mwaka mmoja baada ya mkataba wa 1936 ulioyaruhusu majeshi ya Uingereza kubakia kuulinda Mfereji wa Suez. Hamu ya nyumbani inayoipamba sura ya kwanza ya riwaya ni hamu ya mtu aliyekuwa mbali na kwao kwa shughuli za dola. Riwaya haisemi lolote kuhusu dola hiyo, lakini isingekuwa na sauti hiyo ya kutamani kama isingeandikwa mbali.

Jambo la pili linahusu nyumba. Tangu ujana wake du Maurier alivutiwa na Menabilly, jumba la kale karibu na Fowey lililokuwa limefungwa na kuzingirwa na mimea. Lilikuwa mali ya ukoo wa Rashleigh. Mwaka 1943, akitumia fedha alizozipata kwa vitabu vyake, alilikodi, akalikarabati na kuhamia humo na watoto wake. Alikaa kwa muda wa miaka 26 bila kulimiliki, na mwaka 1969 ukoo huo uliporejeshewa jumba lake alihamia Kilmarth, nyumba nyingine ya ukoo uo huo. Aliandika Rebecca kabla ya kupata mkataba wa Menabilly, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba riwaya ni nakala ya maisha. Ila ni dhahiri kwamba mapenzi ya mtu kwa jumba asiloweza kulirithi yalikuwa jambo alilolijua kwa undani, na ndiyo mapenzi yanayowasukuma wahusika wake kuyafumbia macho maovu.

Wasifu ulioandikwa na Margaret Forster na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha, kwa kutumia barua za mwandishi, kwamba du Maurier alijiona kuwa na nafsi mbili, mojawapo ikiwa ya mvulana aliyefungiwa ndani ya sanduku. Wasifu huo ulizua mjadala kuhusu maisha yake ya faragha. Kwa madhumuni ya makala haya, faida yake ni ndogo na ya wazi: unamweka msomaji tayari kwa mwandishi ambaye, katika My Cousin Rachel, anaivaa nafsi ya kiume inayosimulia na kuitumia kuonyesha jinsi mwanamume anavyomhukumu mwanamke. Du Maurier alitunukiwa heshima ya Dame mwaka 1969, akafariki Cornwall tarehe 19 Aprili 1989.

Mkondo wa Kigothiki na Mgeuko wa Hofu

Riwaya ya kigothiki ilianza Uingereza kwa The Castle of Otranto (1764) ya Horace Walpole, ikakomaa kwa The Mysteries of Udolpho (1794) ya Ann Radcliffe. Viambajengo vyake vinajulikana: jumba la kale, siri ya ukoo, mwanamke kijana aliye peke yake, na mwenye jumba anayetisha. Charlotte Brontë alivitumia viambajengo hivyo katika Jane Eyre (1847), na wahakiki wengi wameilinganisha Rebecca na riwaya hiyo: katika zote mbili mwanamke asiye na mali anaolewa na tajiri aliyemficha mke wa kwanza, mmoja hai, mwingine maiti, na katika zote jumba linateketea kwa moto.

Ulinganisho huo ni wa haki, lakini unafunika tofauti muhimu. Katika Radcliffe msomaji humhofia mwenye jumba kwa niaba ya mwanamke. Jamaica Inn (1936), riwaya ya du Maurier iliyoitangulia Rebecca, bado inafuata kaida hiyo. Mary Yellan anafika kwenye nyumba ya wageni iliyo katika nyika ya Bodmin, anagundua kwamba mume wa shangazi yake ni mmoja wa genge linalozivunja merikebu mwambani na kuwaua mabaharia, na baadaye anabaini kwamba mkuu wa genge ni kasisi aliyemkimbilia kutaka msaada. Ingawa mwovu amejificha ndani ya joho la dini, msomaji hana shaka yoyote juu ya upande anaopaswa kuwa.

Msimamo wa msomaji uko wazi vivyo hivyo katika riwaya ya upelelezi. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ambamo mauaji yaliyozungukwa na hofu ya mzimu yanapatiwa maelezo ya kiakili na Bwana Msa. Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla nayo inamweka msomaji bega kwa bega na mpelelezi wa polisi. Katika kazi za aina hii taharuki ni kukosa subira: msomaji anataka ukweli ujulikane, na kila kizuizi humwudhi. Katika Rebecca hali hii hugeuzwa kabisa. Kuanzia theluthi ya mwisho ya riwaya, msomaji anaogopa ukweli usije ukajulikana. Mgeuko huu wa hofu ndio mchango mkubwa wa du Maurier katika utanzu huu.

Rebecca: Jinsi Msomaji Anavyofanywa Mshirika

Du Maurier anaufikia mgeuko huo kwa mbinu tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni mpangilio wa matukio. Riwaya inaanza baada ya kila kitu kumalizika. Msimulizi na mumewe, Maxim de Winter, wanaishi uhamishoni katika hoteli za ng'ambo, na Manderley limekwisha kuwa gofu. Daftari la maandalizi ambalo mwandishi alilichapisha baadaye, The Rebecca Notebook, linaonyesha kwamba sehemu hii ilibuniwa kwanza kama tamati, kisha ikahamishiwa mwanzoni. Athari ya uhamisho huo ni kwamba msomaji anajua tangu mwanzo kuwa mume na mke wako huru na wako pamoja. Anapofika kwenye jinai, amekwisha kuzoea kuwaona kama watu walioonewa na majaliwa, na adhabu yao, yaani kuikosa nchi yao, anaiona kuwa imetosha.

Mbinu ya pili ni kumnyima msimulizi jina. Du Maurier alieleza kwamba awali alishindwa kumpata jina linalomfaa, kisha akalichukua jambo hilo kuwa changamoto ya kifani. Matokeo yake yamepita asili yake. Mhusika aliyekufa ana jina linaloandikwa kila mahali, kwenye vitabu, leso na karatasi za barua, na ndilo jina la riwaya. Mhusika aliye hai anaitwa kwa jina la mumewe tu. Msimulizi huyu, aliyekuwa mtumishi wa kumsindikiza bibi tajiri wa Kimarekani huko Monte Carlo, anaingia Manderley akiwaogopa hata watumishi, hasa Bi Danvers, msimamizi wa nyumba aliyempenda Rebecca kupita kiasi. Kila msomaji aliyewahi kujiona mgeni mahali pa wakubwa anajiweka katika nafasi hiyo iliyo wazi. Pengo la jina ni kiti alichoandaliwa msomaji.

Mbinu ya tatu, na iliyo nzito zaidi, ni ungamo. Baada ya mashua ya Rebecca kugunduliwa chini ya bahari ikiwa na maiti ndani yake, Maxim anamwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyempiga Rebecca risasi katika kibanda cha ufukweni, akaubeba mwili wake hadi mashuani na kuizamisha. Msimulizi hashtushwi na mauaji. Linalomjaa moyoni ni furaha ya kutambua kwamba mumewe hakumpenda Rebecca kamwe. Msomaji ambaye kwa kurasa nyingi amesumbuka pamoja naye kwa wivu anajikuta akipumua pamoja naye. Hapo ndipo hatia inapopita kutoka kwa muuaji kwenda kwa mkewe, na kutoka kwa mkewe kwenda kwa msomaji, pasipo mtu kusukumwa.

Kuanzia hapo taharuki yote inafanya kazi kwa faida ya muuaji, na njia zake zinastahili kuchunguzwa moja moja. Jack Favell, binamu na hawara wa Rebecca, anatamka waziwazi kwamba Maxim amemwua mkewe. Anasema kweli tupu. Lakini ni mlevi, hana adabu, na anataka alipwe fedha ili anyamaze, kwa hiyo msomaji anamchukia kwa kusema ukweli anaoujua. Ben, mtu mwenye akili pungufu anayezurura ufukweni, ni shahidi wa pekee anayeweza kuwa aliona kitu. Anapoletwa kuhojiwa anakana, kwa sababu anahofia kupelekwa katika hospitali ya vichaa. Msomaji anafurahia kunyamaza kwa mnyonge huyo na hajiulizi hofu yake imetoka wapi. Kanali Julyan, hakimu wa eneo, anaichunguza kesi akiwa mtu wa tabaka moja na mshukiwa, aliyewahi kukaribishwa mezani kwake. Mwishowe daktari wa London anatoa habari kwamba Rebecca alikuwa na saratani isiyotibika, na hivyo uamuzi wa awali kuwa alijiua unapata sababu. Muuaji anaponea.

Katika hatua hizi zote riwaya haimfichi msomaji chochote. Anajua nani ameua, kwa silaha gani na mahali gani. Kinachowekwa rehani ni msimamo wake, na mwandishi anauchukua bila kumwomba ruhusa.

Ushahidi wa Filamu

Uthibitisho mzuri wa hoja hii unapatikana nje ya riwaya. Alfred Hitchcock alipoigeuza Rebecca kuwa filamu, iliyotoka mwaka 1940 na kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora, kanuni za maadili zilizozitawala studio za Marekani wakati huo hazikuruhusu muuaji wa mkewe aende zake bila adhabu. Kwa sababu hiyo kisa kilibadilishwa. Katika filamu Rebecca anajikwaa, anaanguka na kujigonga kichwa, na kosa la Maxim linabaki kuwa kuificha maiti. Waliozisimamia kanuni hizo huenda hawakuwa na haja na nadharia za fasihi, lakini waliielewa taharuki ya du Maurier kuliko wahakiki wengi walioiita burudani. Walitambua kwamba watazamaji wangemwombea muuaji usalama, na kwamba maombi hayo ni jambo zito. Filamu inamrejeshea mtazamaji usafi wake. Riwaya inamnyima.

My Cousin Rachel: Msomaji kama Hakimu

Miaka 13 baada ya Rebecca, du Maurier aliirudia hali ile ile kwa kuigeuza. Katika My Cousin Rachel msimulizi wa nafsi ya kwanza ni mwanamume, Philip Ashley, yatima aliyelelewa na binamu yake Ambrose katika shamba kubwa la Cornwall. Ambrose anaoa Rachel huko Italia, anaandika barua zenye kumshuku mkewe, kisha anafariki. Philip anaapa kumlipizia kisasi. Rachel anapowasili, anampenda, na anapotimiza umri wa miaka 25 anamkabidhi mali yote. Rachel anapokataa kuwa mke wake, shaka inarudi. Philip anaugua na Rachel anamwuguza. Baadaye anakuta kwa Rachel mbegu za mti wenye sumu, na kinywaji cha majani alichokuwa akiandaliwa kila siku kinaanza kuonekana kwa sura nyingine.

Riwaya hii inafunguka kwa taswira ya maiti ya mtu aliyenyongwa kwa kumwua mkewe, ambayo Ambrose alimwonyesha Philip utotoni ili apate funzo, na msimulizi anaongeza kwamba adhabu hiyo haitolewi tena njia panda kama zamani. Wahakiki wameichukua taswira hii kama rangi ya kigothiki tu. Kwa kweli ni ufunguo wa riwaya. Mwishoni Philip anaonywa na msimamizi wa ujenzi kwamba daraja jipya la bustanini haliwezi kubeba uzito wa mtu. Rachel anapotoka kutembea upande huo, Philip hamwambii. Anaitumia nafasi hiyo kupekua chumba chake, na hakuna anachopata kinachomtia Rachel hatiani. Rachel anaanguka na kufa. Mwanamume wa ukurasa wa kwanza alinyongwa hadharani. Mwanamume wa ukurasa wa mwisho anabaki na shamba lake.

Swali ambalo wasomaji wameendelea kuulizana tangu 1951 ni kama Rachel alikuwa na hatia au la. Riwaya haitoi jibu, na baadhi ya wahakiki wameisifu kwa utata huo pekee. Hata hivyo swali lenyewe ni mtego. Msomaji anayehesabu ushahidi wa mbegu, barua na kinywaji anamchunguza mwanamke aliyekufa, na wakati huo huo anasahau kwamba kuna kifo kimoja tu katika riwaya ambacho chanzo chake hakina utata wowote. Philip alijua juu ya daraja, akanyamaza. Taharuki imeelekezwa kwa makusudi upande mwingine, ili msomaji avae macho ya Philip na kuketi katika kiti cha hakimu pamoja naye. Anayemaliza kitabu akiuliza kama Rachel alistahili kufa amekwisha kukubali kwamba Philip alikuwa na haki ya kuamua.

Mipaka ya Mbinu Hii

Yamkini kuna atakayepinga kwamba du Maurier hakukusudia haya yote, na kwamba Rebecca inamwonea Maxim huruma ya kweli. Pingamizi hili lina uzito. Riwaya hiyo inampa Maxim nyudhuru ambazo zinazidi mahitaji ya taharuki. Rebecca anaelezwa kuwa mzinzi na mwongo. Anamchokoza mumewe kwa kudai kwamba mtoto wa mtu mwingine atairithi Manderley, ilhali, kama daktari anavyobainisha baadaye, kizazi chake kisingeweza kubeba mimba. Tena anakufa akiwa tayari na ugonjwa wa kumwua. Mwili wa mwanamke unageuzwa kuwa ushahidi wa kumtetea aliyemwua, na mazungumzo ya usiku wa mauaji yanajulikana kwa kinywa cha muuaji peke yake. Hapa mwandishi amemsaidia mhusika wake kupita kiasi, na uhakiki wa kifeministi umekuwa na haki ya kulikemea jambo hilo.

Kemeo hilo halihusu Cornwall pekee. Masimulizi ya Maxim yana umbo linalotambulika la utetezi wa kuchokozwa: mwanamke alisema maneno yasiyovumilika, mume akapoteza nafsi yake. Sheria ya Uingereza iliuondoa utetezi huo kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2009 na kuweka mwingine mahali pake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyochota kwenye sheria ya Kiingereza, inao katika vifungu vya 207 na 208. Si kazi ya uhakiki wa fasihi kupima sheria. Ni kazi yake, hata hivyo, kuonyesha jinsi masimulizi yanavyoweza kuandaa masikio ya wasikilizaji hata mauaji yakaonekana kuwa kisa cha kumsikitikia muuaji. Rebecca ni somo la jambo hilo, iwe mwandishi alikusudia au hakukusudia, na My Cousin Rachel inaonyesha kwamba kufikia 1951 alikuwa amelifikiria upya, kwani Philip hapewi nyudhuru alizopewa Maxim.

Kazi nyingine zinasaidia kuiona mipaka ya mbinu yenyewe. Katika hadithi fupi ya "The Birds" (1952) ndege wanawashambulia binadamu bila sababu inayoelezwa, na kibarua wa shambani, Nat Hocken, anapigania kuilinda familia yake. Taharuki ni kali, lakini msomaji anabaki upande wa wasio na hatia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika The Scapegoat (1957) mhadhiri wa Kiingereza anakutana nchini Ufaransa na mtu anayefanana naye kabisa, na analazimika kuishi maisha ya mtu huyo katika jumba lake. Hapo ushirika wa hatia unakuwa maudhui ya wazi, yanayotamkwa na mhusika mwenyewe, na kwa kutamkwa yanapoteza sehemu ya nguvu zake. Inaonekana basi kwamba taharuki ya du Maurier hufanya kazi bora zaidi pale jinai inapokuwa ya nyumbani, msimulizi anapokuwa na la kupoteza, na msomaji asipoambiwa kwamba anashirikishwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba taharuki katika riwaya za Daphne du Maurier si pambo la msuko. Katika Rebecca inamfanya msomaji aogope ukweli. Katika My Cousin Rachel inamfanya amhukumu marehemu na kumsahau aliyemwacha afe. Katika zote mbili jumba, na hamu ya kubaki ndani yake, ndilo linalowafanya watu wema kunyamaza, na mwandishi aliyeishi miaka 26 katika jumba la wengine alikuwa na sababu ya kuijua nguvu ya hamu hiyo.

Funzo kwa uhakiki wa riwaya pendwa, ya Kiswahili pamoja na ya lugha nyingine, ni kwamba swali la kuuliza kuhusu taharuki haliishii kwenye kama imefaulu. Linafaa kuendelea: msomaji anatakiwa kumwogopea nani, na kwa gharama ya nani? Riwaya za Bwana Msa zingeweza kusomwa upya kwa swali hilo, kwa kuwa hata msomaji anayesimama upande wa mpelelezi amepangiwa mahali pa kusimama. Ndani ya Rebecca kuna mwanamke aliyepigwa risasi katika kibanda cha ufukweni, na vizazi kadhaa vya wasomaji vimeufunga ukurasa wa mwisho vikishukuru kwamba aliyempiga hakukamatwa. Fasihi inayoweza kulifanya jambo hilo haistahili kuitwa nyepesi.